Mvua Inanyesha au Hainyeshi

Jumanne usiku, mjini Łódź, mwezi wa Novemba,
ghorofa ya juu ya shule ya watoto,
magoti yetu yakigonga madawati mafupi,
sisi wa zamu ya mchana, pamba ingali nyweleni,
Bibi Halszka Wierzbińska alishika chaki, akaandika:

Mvua inanyesha au hainyeshi.

Akaiweka chaki chini kama mtu aliyemaliza kazi.

Zenobiusz wa chumba cha rangi,
buluu mpaka viwikoni, akaguna:
"Bibi, mimi nimelipa ada.
Sasa nitoke na mwavuli, nisitoke?"
"Sijakwambia kitu, bwana.
Ndiyo maana sijakosea."

Tulicheka. Kisha akachora jedwali,
K ya kweli, U ya uongo,
akaigeuza ile sentensi huku na huku
kama mnunuzi anayetafuta tundu kwenye kitambaa.
Kila safu ikaishia K.
Haikujali mawingu. Haikujali Łódź.
"Hii haizungumzii mvua," akasema,
"inazungumzia *au*. Inazungumzia *si*."

Nilikesha nalo hilo.
Asubuhi, mtambo ukinguruma, nikatazama kitana:
meno yake ya chuma, nyuzi elfu zikipita katikati,
kila uzi na mlango wake.
Kitambaa kikienda sokoni
hakuna jino hata moja ndani yake.
Ukiking'oa kitana, lakini,
utafuma nini? Utafuma fundo.

Alhamisi msimamizi Wendelin alinikata zloti mbili.
"Mfumaji akisinzia, uzi hukatika.
Uzi umekatika.
Basi, Bogumiła, ulisinzia."
Ilisikika sawa. Ilisikika kama kengele ya kanisa.
Hata mimi nilianza kukumbuka usingizi ambao sikuulala.

Nikachora jedwali nyuma ya karatasi ya mkate.
Safu ya kwanza K. Ya pili K.
Ya tatu, hakusinzia na uzi umekatika: U.
Nikakitazama kile kiherufi, tundu dogo,
na kupitia humo nikaona bohari,
marobota yaliyonyeshewa tangu Agosti,
nyuzi zinazokatika mkononi mwa mtu aliye macho kabisa.
Nilimpelekea. Alisoma, akakunja karatasi, akaondoka.
Zloti moja ilirudi. Ya pili sijui iliendea jedwali gani.

Mama huku nyumbani hana jedwali.
Mama husema, "Vita ni vita,"
akamenya viazi.
Ukipima, hajasema kitu.
Ukimsikia, kasema yote, na amefunga mlango.
Nilimuuliza Bibi Halszka kuhusu hilo;
akafuta miwani muda mrefu.
"Hiyo 'ni' ya mama yako," alisema, "siyo yangu."

Lakini swali nililolibeba halikuwa hilo.

Ignac, kaka yangu, aliondoka na kikosi chake
na barua ya mwisho ina alama ya mvinyo au ya damu;
nayo, nadhani, ni moja kati ya hayo mawili,
ama yote mawili, au la.
Yu hai, au si hai.
Niliiandika kwenye kioo cha dirisha chenye ukungu.
K, K. Hakuna safu ya tatu.
Basi hii miaka minne nimeishi wapi?
Ni chumba gani hiki nilichotandika kitanda chake,
ninachofagia kila Jumamosi,
ambacho mantiki inasema hakikujengwa?

Herufi zikatiririka, zikafika kwenye mbao.

Darasa lilipokwisha usiku ule wa kwanza
Zenobiusz alifungua dirisha, akatoa mkono wake wa buluu nje,
akaurudisha umelowa.
"Inanyesha," akatutangazia,
kwa fahari, kama aliyegundua jambo.
Na alikuwa amegundua.

Kesho posta inafunguliwa saa mbili.
Nitasimama kwenye foleni. Nitanyoosha mkono.